Joto Lililomfuata Dereva

Mama Gesi hana mtoto anayeitwa Gesi. Anayeuliza swali hilo hajakaa na watu wa mtaa wake, wanaoweza kumbandika mtu jina jipya kabla hajamaliza kuvuka barabara. Jina alilipata kwa kutembea na mtungi wa gesi begani, akiingia jiko la huyu na kutoka jiko la yule, akitengeneza friji za watu kwa miaka ishirini na mitatu. Lile la kwenye vyeti likabaki kwenye vyeti. Hata mumewe, fundi saa mpole asiyependa makelele, humwita hivyo hivyo mbele za wageni, kisha hujikohoza.

Alikuwa na mahubiri yake, na kila mwenye friji mbovu ilibidi ayasikilize kwanza ndipo sanduku la vifaa lifunguliwe. "Baridi haitengenezwi," alikuwa akisema. "Hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi. Kinachofanyika ni kuhamisha joto. Linatolewa huku, linatupwa kule. Sasa wewe umeisukuma friji mpaka imegusa ukuta, juu yake umeanika soksi za watoto. Hilo joto litoke wapi? Mdomoni kwako?" Wengi walinuna. Lakini soksi zilianuliwa siku hiyohiyo, na friji nyingi zilipona kabla mtungi haujafunguliwa.

Sasa utauliza, fundi friji na mabasi wapi na wapi? Miaka mitatu iliyopita kampuni ya mabasi ya mji ilileta magari manane ya umeme. Mafundi wa dizeli, wanaume wenye grisi mpaka kwenye nyusi, wakafungua mlango wa nyuma wa gari la kwanza wakitafuta injini. Hawakuona injini. Waliona mipira ya maji, pampu, feni mbili kubwa na kidude cheusi cha mviringo kinachonguruma kama kile cha nyuma ya friji. Wakatazamana. Mmoja wao, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ametengenezewa friji nyumbani, akasema, "Jamani, hii ni friji yenye matairi. Mwiteni Mama Gesi." Akaitwa kwa siku moja. Hajaondoka mpaka leo.

Na yule fundi wa dizeli hakukosea sana. Betri za gari la umeme hazipendi joto, na mota inayozungusha magurudumu, pamoja na inveta inayoipelekea umeme, hutoa joto kila zikifanya kazi. Kwa hiyo kuna maji maalumu, ya rangi ya waridi, yanayozunguka humo ndani kutwa nzima. Yanapita kwenye mota, yanapita kwenye inveta, yanapita chini ya betri, yanabeba joto mpaka kwenye rejeta, na pale feni zinalipuliza nje. Betri zikifika nyuzi arobaini na tano, gari lenyewe hukata nguvu lisije likajiunguza. Kwenye skrini ya dereva huwaka picha ndogo ya kobe, ya manjano, na kweli gari huwa kobe. Ukanyage usikanyage, mwendo ni uleule.

Kazi ya Mama Gesi ilikuwa kuhakikisha kobe huyo haonekani. Aliifanya kwa raha. Alikuwa na kiti chake cha plastiki kwenye kona ya karakana, kikombe chake kisichoguswa na mtu, na kipimajoto cha kulenga kwa mbali alichokichomeka kiunoni, akatembea nacho kwa maringo. Alilenga kila kitu: mipira, pampu, chai, paji la uso la fundi aliyesema ana homa ili asamehewe kazi. "Thelathini na sita na nusu," alimwambia. "Rudi kazini, baba."

Matatizo yalianza na kaka yake.

Kaka yake ni dereva, na pale yadini wanamwita Mzee Taratibu. Miaka thelathini na moja ameshika usukani na hajagonga hata kuku. Akifunga breki hata mwenye kikombe cha chai mkononi hamwagi. Walipokuja kuchagua madereva wa magari ya umeme yeye ndiye aliyetajwa wa kwanza, akapewa Gari Namba Nne na njia ngumu kuliko zote, ile ya kupanda mlimani penye hospitali, safari tatu kabla ya saa nane mchana. Amebakiza miaka miwili astaafu. Na huyu ndiye aliyemlea Mama Gesi baba yao alipofariki, ndiye aliyetia saini fomu zake za chuo cha ufundi, ndiye anayemwita Kitinda mpaka leo kwa kuwa ni kitindamimba, hata kama Kitinda mwenyewe ana miaka arobaini na tisa na miwani ya kusomea.

Basi, msimu wa jua kali ulipoingia, kobe akaanza kuwaka kwenye Gari Namba Nne. Si asubuhi. Asubuhi gari lilipanda mlima bila shida. Safari ya pili lilipanda likijivuta. Safari ya tatu, kwenye kona ya mwisho, kobe huyo, na abiria waliokuwa wakienda kuona wagonjwa wao wakashuka wakatangulia kwa miguu, wakilipita gari walilolipia nauli. Bibi mmoja mwenye bakora alilipita pia, akamwonea Mzee Taratibu huruma, akampungia mkono.

Mama Gesi hakulilalia jambo hilo. Alitoa hewa yote kwenye mipira, maana povu moja tu likikwama maji hayazunguki. Alisugua rejeta kwa brashi ya meno. Alibadilisha pampu. Alipima gesi ya kidude cheusi mara tatu. Kobe akawaka tena Jumatatu, akawaka Alhamisi. Wakati huohuo magari mengine mawili yalikuwa yakipanda mlima uleule, jua lilelile, na hayakuonyesha hata dalili.

Hapo maneno yakaanza. Kwamba Mzee Taratibu amezeeka. Kwamba anakanyaga vibaya. Mama Gesi akasikia, damu ikamchemka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Injinia. Injinia ni kijana mstaarabu, shati limechomekwa vizuri, hutembea ameikumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga.

"Injinia, wabadilishe magari," Mama Gesi akamwambia. "Mpe kaka yangu Gari Namba Mbili, lile zima kabisa, na wa Namba Mbili umpe Namba Nne. Kobe akimfuata huyo mwingine, tutajua ubovu ni wa gari, na midomo ya watu ifungwe."

"Na asipomfuata, mama?"

"Atamfuata."

Wakabadilishana. Na hapo ndipo Mama Gesi alipojipalia makaa kwa mikono yake mwenyewe, maana Gari Namba Nne lilipona siku hiyohiyo kana kwamba halijawahi kuumwa, na Gari Namba Mbili, lile zima kabisa, likawasha kobe safari ya tatu. Joto halikuwa la gari. Lilikuwa likimfuata dereva.

Injinia aliandika barua. Aliiandika kwa adabu, lakini barua ni barua. Mzee Taratibu amepewa muda hadi Ijumaa, siku ambayo Injinia mwenyewe atapanda naye. Kobe akiwaka siku hiyo, atatolewa kwenye usukani na kuhamishiwa getini, kufungua na kufunga, hadi siku atakapostaafu. Kazi ya geti si aibu, nisije nikaeleweka vibaya, na bawabu wa yadi ile ana heshima zake. Lakini umwambie mtu aliyeendesha miaka thelathini na moja kwamba atamaliza kwa kuwaangalia wenzake wakitoka, halafu umsikie anavyokujibu.  Mzee Taratibu aliikunja barua mara nne akaitia mfuko wa shati.

Jumanne saa sita mchana wifi yake Mama Gesi, mke wa Taratibu, akatokea pale karakana. Mwanamke yule si wa kutembelea ovyo, kwa hiyo Mama Gesi alimpa kiti chake cha plastiki na hata kile kikombe kisichoguswa.

"Wifi, kaka yako tangu juzi anafanya mazoezi ya geti," akasema.

"Mazoezi gani tena?"

"Nikitaka kutoka nje anawahi mlangoni. Anafungua, anasimama pembeni kimya, ananitazama nikipita. Nikipita anafunga. Namuuliza, mume wangu, una nini? Ananiambia anajizoesha."

Walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na fundi mmoja akachungulia kuona kuna nini. Kisha wifi akaacha kucheka kabla ya mwenzake, akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Lakini chakula hagusi, wifi. Na mimi nikimwona amesimama pale mlangoni naumia. Tafuta hiyo dawa. Wewe si ndiye unayejua mambo ya joto?"

Mama Gesi aliona aibu mpaka masikioni, kwa sababu wazo la kubadilisha magari lilikuwa lake.

Mchana huohuo akaenda kuomba kumbukumbu za magari. Kila gari huandika lenyewe joto la betri dakika kwa dakika na kulituma ofisini kwa mtandao, na Injinia huzichapisha kila wiki. Mama Gesi alizitandaza sakafuni, akavaa miwani, akapiga magoti. Kwenye karatasi za Gari Namba Nne aliona mapengo. Dakika kumi na mbili hakuna kitu, kisha namba zinaendelea. Dakika kumi na moja hakuna kitu. Kila pengo lilikuwa gari likiwa kituo cha juu, mlimani. Pembeni Injinia alikuwa ameandika kwa penseli neno moja: mtandao.

Labda. Mlimani huko simu hukatika, kila mtu anajua. Lakini magari mengine yaliyofika kituo kilekile hayakuwa na pengo hata moja. Na Gari Namba Nne lenyewe, tangu siku ya kubadilishana, mapengo yalikuwa yamekwisha. Akachukua karatasi za Gari Namba Mbili, na mwenye macho haambiwi tazama: mapengo yote yalikuwa yamehamia huko pamoja na kaka yake.

Hakumwambia mtu. Jumatano akapanda Gari Namba Mbili kama abiria, akakaa kiti cha mbele.

"Umekuja kunichunga?" Mzee Taratibu akamuuliza, akimwangalia kwenye kioo.

"Nimekuja kupunga upepo, kaka."

"Kwani karakana haina madirisha?"

Akaendesha. Na jinsi alivyoendesha, Mama Gesi alitamani wale wenye midomo wangekuwepo. Mguu wake ulikanyaga kama mtu anayekanyaga kitanda cha mtoto aliyelala. Kona hazikusikika. Wakafika juu, abiria wakashuka, kondakta akaenda kunywa chai. Mzee Taratibu akazungusha ufunguo kuzima gari. Kule nyuma feni ziliendelea kuvuma kwa nguvu zote, na pampu ikisikika chini ya sakafu.

Mzee Taratibu akasikitika. "Sikia inavyohema. Imechoka, maskini."

Akainama, akafungua kisanduku kilicho karibu na goti lake, akashika swichi kuu nyekundu na kuizungusha. Gari zima likanyamaza. Akalipigapiga dashibodi mara mbili kwa kiganja. "Haya, pumzika."

Mama Gesi akasimama.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimelipumzisha."

"Kila ukifika hapa unafanya hivyo?"

"Kila nikifika. Kitinda, ukishapandisha mashine mlima kama huu ukaiacha inahangaika peke yake, inakula chaji bure, huo ni utu? Dizeli ilinifundisha: ukifika, zima, mashine ipumzike. Hawa vijana wanaziacha zinalia, wao wako kwenye chai. Ngoja uyaone magari yao mwaka kesho." Na uso wake ulikuwa na fahari ya mtu anayetenda wema bila kutaka kusifiwa.

Mama Gesi alishuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango, akalenga kipimajoto kwenye mpira wa maji unaotoka kwenye mota. Hamsini na mbili. Akasubiri dakika tano. Sitini na moja. Gari limezimwa, limetulia, halifanyi kazi yoyote, na joto linapanda. Vyuma vilikuwa vimejaa moto wa mlima, na maji yaliyotakiwa kuutoa yalikuwa yamesimama. Ukawa hauna pa kwenda ila kujipenyeza taratibu mpaka kwenye betri. Gari likishuka kuanza safari ya pili, lilianza likiwa tayari na homa, na ya tatu likazidiwa.

Akarudi kwa kaka yake, akapiga moyo konde, akamweleza. Kwamba zile feni hazikuwa zinahema kwa uchovu. Kwamba baada ya mlima ndipo zinapofanya kazi yake kubwa, na ufunguo ukizimwa huendelea zenyewe mpaka joto lishuke, kisha hujizima. Kwamba swichi nyekundu ni ya ajali, au ya fundi aliyetia mikono ndani, na ikizimwa hata kumbukumbu za gari hukatika, ndiyo yale mapengo. Alijaribu kulainisha, lakini jambo kama hilo hata ulipake asali halilainiki.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeliua," Mzee Taratibu akasema.

"Sikusema hivyo, kaka."

"Umesema." Akafungua kisanduku, akarudisha swichi. "Miaka thelathini na moja. Leo nafundishwa kuzima gari na fundi friji."

Waliteremka mlima, kaka yake macho mbele. Akafunga breki taratibu vilevile, hata kwa hasira.

Alhamisi ilikuwa siku mbaya. Mama Gesi alijua kwamba kichwa cha kaka yake ni kigumu, na kwamba kesho yake, mbele ya Injinia, mkono ule utainama tena kwenye kisanduku, ama kwa mazoea ama kwa ubishi. Na alijua njia ya mkato. Waya mmoja tu, dakika ishirini za kazi, pampu na feni ziunganishwe zisipitie kwenye swichi nyekundu. Mzee azime anavyotaka. Maji yatazunguka, kobe hatawaka, kaka atabaki na usukani wake na fahari yake, na hakuna atakayejua. Alikata waya kipimo alichotaka. Aliuchubua ncha zote mbili, akaingia nao nyuma ya Gari Namba Mbili.

Akakaa pale amechuchumaa, waya mkononi. Kisha akawaza siku ambayo fundi mwingine atazima swichi ile akiamini kila kitu kimekufa, atie mkono kwenye feni. Au gari lipate ajali, mtu azime kuokoa abiria, na umeme ubaki umejificha kwenye waya wa Mama Gesi. Alijitukana kwa sauti ndogo. Akatoka, akautupa waya kwenye sanduku la vyuma chakavu, na kwenye fomu ya ofisi, pale panapoandikwa chanzo cha tatizo, akaacha wazi. Alitaka mwenye jambo alikubali kwanza. Injinia alimtafuta mara mbili siku hiyo asimwone, kwa kuwa alikuwa amelala chini ya Gari Namba Saba, gari lisilo na ugonjwa wowote, akijifanya anakaza boliti.

Ijumaa Injinia akapanda mwenyewe na kompyuta yake, akakaa nyuma ya dereva. Mama Gesi akakaa upande wa pili.

"Hujambo," Mzee Taratibu akamwambia, kama anayemsalimia karani wa benki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Na ikawa hiyo tu.

Safari ya kwanza wakafika juu salama. Abiria wakashuka. Ufunguo ukazimwa, feni zikavuma. Mama Gesi akaona mkono wa kaka yake ukienda wenyewe kwenye kisanduku, polepole, kama ulivyokwenda maelfu ya mara. Ukafika kwenye kifuniko. Ukakaa hapo. Injinia alikuwa ameinamia kompyuta, hakuona kitu. Mzee Taratibu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akauondoa, akauweka kwenye goti. Ukaanza kurudi kisandukuni. Basi akachukua mikono yote miwili akaikalia.

Mama mmoja mwenye trei ya mayai, aliyekuwa akisubiri safari ya kushuka, akachungulia mlangoni. "Dereva, gari lako linalia."

"Liache lilie, mama. Lina yake moyoni."

Likalia dakika tisa. Kwenye skrini namba zilikuwa zikishuka: arobaini na moja, arobaini, thelathini na nane. Zilipofika thelathini na sita feni zikanyamaza zenyewe, na Mzee Taratibu akainua nyusi.

Safari ya pili ikapita. Ya tatu jua lilikuwa utosini, lami inanuka, gari limejaa pomoni. Arobaini na mbili kwenye kona ya kwanza. Arobaini na tatu. Mama Gesi alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kiti cha mbele mpaka vidole vikafa ganzi. Arobaini na nne, na kona ya mwisho iko mbele, ile ambako bibi mwenye bakora alilipita gari. Namba ikakaa hapohapo, arobaini na nne, gari likaimaliza kona kwa mwendo wake uleule wa asubuhi, likaingia kituoni na kusimama. Kobe hakuwaka.

Abiria wakashuka bila kujua wameshuhudia nini. Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzee, leo umeendesha vipi?"

"Kama siku zote."

Na ilikuwa kweli. Angeweza kuishia hapo. Barua ilikuwa imetimizwa, gari limepanda, hakuna aliyemwuliza zaidi. Mama Gesi alitazama nje ya dirisha ili asimtazame kaka yake.

"Kama siku zote," Mzee Taratibu akarudia. "Ila hapa juu sikulizima." Akafungua kisanduku, akamwonyesha swichi nyekundu. "Nilikuwa nikifika nazima hii. Nilidhani nalipumzisha. Kumbe nalibana joto ndani. Kosa si la gari, Injinia, wala si la betri. Ni langu. Na dada yangu aliniambia tangu Jumatano, nikamvimbia."

 Injinia akafungua kompyuta, akatafuta, akakuta yale mapengo, moja, la pili, la tatu, ya mwezi mzima.

"Dakika kumi na mbili," akasema. "Nimeziona kila wiki. Nikaulaumu mtandao." Akaifunga kompyuta na kuikumbatia. "Kitabu cha dereva kina kurasa mia na arobaini, nimekisoma chote, na hakuna palipoandikwa usiiguse swichi hiyo ukiwa mlimani. Barua yako nipe, mzee. Nitaichana mwenyewe."

Mzee Taratibu akaitoa mfuko wa shati, ingali imekunjwa mara nne. Injinia akaipokea kwa mikono miwili, akashuka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Wakabaki wawili, feni zikivuma nyuma yao. Mzee Taratibu aliikalia tena mikono yake. Macho yake yalikuwa mbele, na Mama Gesi akadhani anasubiri kuombwa radhi. Alikuwa tayari kuomba.

"Kitinda."

"Abee, kaka."

"Hebu nieleze tena. Polepole, mimi ni mtu wa dizeli. Hilo joto likitoka humo ndani, linakwenda wapi?"

Mwanamke aliyehubiri jambo hilo katika nusu ya majiko ya mji akachomoa mfukoni kitambaa chenye grisi. Miaka yote arobaini na tisa kaka huyu alikuwa amempa amri, ada, makaripio, ushauri na pole. Hakuwahi hata siku moja kumwuliza kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Alifuta macho kwa kile kitambaa, akajipaka weusi shavuni, na kaka yake aliona akajitia hamnazo.

Akahamia kiti cha karibu na usukani, akaanza kumweleza tangu mwanzo. Abiria wa kushuka walisubiri dakika kumi zaidi siku ile.